Kufunga, Kubeba au Kushika? Ngeli na Maana katika Jina la Kiswahili la Protini ya Retinoli

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jina la kitu kimoja tu, nacho ni protini ya binadamu inayoshika retinoli, ambayo hutengenezwa nje ya mwili wa binadamu kwa ufundi wa kuunga vinasaba na kuuzwa kwa maabara za utafiti. Kwa kawaida protini hii husafirishwa katika vichupa vidogo vyenye mikrogramu chache za unga uliokaushwa kwa baridi. Juu ya kichupa huandikwa jina la Kiingereza lenye viungo vitano: aina ya ufundi uliotumika, kiumbe ambaye protini hiyo ni yake, kitu kinachoshikwa, tendo la kushika, na neno lenyewe "protini", mwishoni huongezwa tarakimu 4. Mwanafunzi wa baiokemia huweza kulikariri jina hilo bila shida. Anapotakiwa kulieleza kwa Kiswahili, hata kwa mwenzake wa darasa moja, mara nyingi husema kwamba protini ile "inabaindi retino" na mazungumzo yakaishia hapo.

Mtu anaweza kudai kwamba hilo si tatizo, kwa kuwa elimu ya sekondari na ya vyuo vikuu nchini Tanzania bado huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza. Dai hili halina uzito kwa protini hii. Protini hii hutumika kukadiria hali ya vitamini A katika damu ya watoto, na matokeo ya vipimo hivyo huwafikia waganga, wauguzi na wazazi ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Mtu mmoja katika mlolongo huo lazima aeleze kilichopimwa ni nini.

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hoja ambayo wengi wetu tumezoea kuianza nayo ni ya asili ya neno: je, litoholewe kutoka Kiingereza, lichukuliwe kutoka Kiarabu, au liundwe kwa mizizi ya Kibantu? Katika makala haya tunapendekeza kuanza na swali jingine: neno likishaingia katika sentensi, litaingia katika ngeli gani, na upatanisho wake utamwambia msomaji nini? Tutaonyesha kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili humlazimisha mwandishi kutamka mambo ambayo jina la Kiingereza huyaacha yamefichika, na kwamba mfasiri asiyeijua protini yenyewe hawezi kulifasiri jina lake kwa usahihi.

2.0 Protini yenyewe

Retinoli ni umbo mojawapo la vitamini A. Haiyeyuki katika maji, na ikiachwa huru katika damu ingeharibika upesi na kudhuru tando za seli. Kwa hiyo ini, ambalo ndilo ghala kuu la vitamini hii mwilini, haliitoi retinoli peke yake. Hutengeneza protini maalumu yenye asidi amino 183 na uzito wa takriban daltoni 21,000, ambayo huipokea molekuli moja ya retinoli na kutoka nayo kwenda katika damu. Kanai, Raz na Goodman ndio walioitenga protini hii kutoka katika plazima ya binadamu na kuieleza mwaka 1968. Mwaka 1984 Newcomer na wenzake walichapisha umbo lake kama lilivyoonekana kwa mionzi ya eksirei: kanda nane za protini zimejipanga kuwa kama pipa, na retinoli imelala ndani ya pipa hilo, sehemu yake inayokwepa maji ikiwa imefichwa katikati na kichwa chake chenye oksijeni kikielekea mdomoni mwa pipa.

Protini ndogo kiasi hiki ingechujwa na figo na kupotea katika mkojo. Haichujwi kwa urahisi kwa sababu katika damu huandamana na protini nyingine kubwa zaidi, transthairetini, na zikiwa pamoja uzito wake hufika karibu daltoni 76,000. Inafaa kutaja hapa, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, kwamba transthairetini hapo zamani iliitwa prealbumini. Jina hilo la kale halikuwa na maana kwamba protini hii ni mama au mtangulizi wa albumini. Lilimaanisha tu kwamba katika kipimo cha elektroforesisi alama yake ilionekana mbele ya alama ya albumini. Wanasayansi waliliacha jina lililoeleza mahali pa alama katika chombo cha maabara, wakachukua jina linaloeleza kazi, yaani kusafirisha thairoksini na retinoli. Mfano huu unaonyesha kwamba hata katika Kiingereza majina ya protini hayakushuka yakiwa kamili. Husahihishwa maarifa yanapoongezeka, na Kiswahili hakina sababu ya kurithi kosa ambalo wenyewe wamekwisha kuliondoa.

Safari ya retinoli huishia katika seli zinazoihitaji, hususan zile za nyuma ya jicho. Mwaka 2007 Kawaguchi na wenzake walikitambua kipokezi cha protini hii katika utando wa seli, kinachojulikana kwa kifupi kuwa STRA6. Jambo la kuzingatia ni kwamba kipokezi hicho huingiza retinoli ndani ya seli na kuiacha protini nje. Nukta hii ndogo ndiyo itakayotuamulia suala la kitenzi.

3.0 Suala la kitenzi

Kitenzi cha Kiingereza kilichomo katika jina la protini hii kina uwanja mpana: hutumika kwa kufunga mzigo kwa kamba, kufunga jeraha kwa kitambaa, kujalidi kitabu, na hata kwa mkataba unaomwajibisha mtu kisheria. Kiswahili kina neno tofauti kwa karibu kila moja ya maana hizo. Kwa hiyo mfasiri hawezi kukwepa kuchagua, na katika kuchagua anakuwa ametoa maelezo ya kikemia, apende asipende.

Chaguo la kwanza ambalo humjia mtu ni kitenzi funga. Tazama matumizi yake:

(1) a. kufunga mzigo
b. kufunga mlango
c. kufunga ndoa
d. kufunga mwezi wa Ramadhani

Katika matumizi yote haya mna dhana ya kuzuia au kukaza, na hali inayotokea hudumu mpaka litendeke tendo jingine la makusudi, yaani kufungua. Zaidi ya hayo, katika kemia nomino kifungo imezoeleka kwa muungano wa atomu na atomu. Retinoli haina kifungo cha namna hiyo na protini tunayoijadili. Imekaa tu ndani ya pipa kwa sababu mazingira ya mle yanaipendelea, na inaweza kutoka bila kifungo chochote kukatwa. Hali ni tofauti ndani ya jicho. Huko ndugu yake retinoli, yaani retinali, hushikamana na opsini kwa kifungo halisi cha kikemia katika asidi amino ya 296 ya protini hiyo. Utafiti juu ya kazi ya vitamini A katika kuona ndio uliompatia George Wald sehemu yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Ikiwa tutasema "kufunga" kwa yote mawili, tutakuwa tumefuta tofauti ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua. Ni afadhali kufunga kuachiwe opsini.

Kuna wanaopendelea fungamana. Kauli hii hudokeza kwamba pande mbili zinatendeana kwa usawa, na kwa msomaji wa Kiswahili ina mwangwi wa kisiasa pia: kwa miongo mingi tumesoma habari za nchi zisizofungamana na upande wowote. Kufungamana ni kuwajibika. Katika pipa letu hakuna usawa: kimoja kinapokea, kingine kinaingia.

Kitenzi beba kina mvuto mkubwa zaidi, na nimekwisha kusikia kikitetewa kwa nguvu. Ni kweli kwamba katika damu protini hii hubeba retinoli kutoka katika ini. Lakini kubeba ni kazi, na kushika ni uwezo. Protini iliyomo kichupani haibebi kitu kwenda popote. Hata hivyo mtafiti akiitia retinoli ataona kwamba inaishika, na ataweza kupima inaishika kwa nguvu kiasi gani. Aidha, zipo protini nyingine zenye jina hilihili ambazo hukaa ndani ya seli na hazisafiri katika damu hata kidogo. Jina lililojengwa juu ya kubeba lingezitupa nje ya kundi lake.

Nasa nacho hakifai, kwa kuwa kinachonaswa hakitazamiwi kuachiwa: samaki hunaswa, mwizi hunaswa, na sauti hunaswa na kinasasauti ikabaki humo. Tunabaki na shika. Anayeshika mkono anaweza kuuachia. Anayeshika njia anaweza kugeuka. Kitenzi hiki hakisemi kimeshika kwa kamba, kwa gundi au kwa vidole, na kutosema huko ndiko tunakokuhitaji. Vilevile kinanyambulika vizuri kwa mahitaji ya maabara: retinoli inashikika, protini mbili zinashikana, na uwezo wa kushika tunaweza kuupima na kuuita nguvu ya kushika.

Je, nomino yake iwe ipi? Mshikaji haifai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisarufi: ngeli ya A-/WA- ni ya viumbe wenye uhai. Ya pili ni kwamba neno hilo limekwisha kutekwa na vijana wa mitaani kwa maana ya rafiki, na mhadhiri atakayelitumia darasani atapata kicheko kabla ya kupata usikivu. Kishikio na kishikizo nayo yana kazi zake tayari, katika vyungu na katika nguo. Njia iliyobaki ni ile ya kuambatanisha kitenzi na yambwa yake chini ya kiambishi ki-, njia iliyotupatia kinasasauti. Kwa njia hiyo tunapata kishikaretinoli. Neno hili linaingia bila ugeni katika jamii ya kipokezi, kichocheo na kimeng'enya, ambamo kiambishi ki- kimekuwa alama ya molekuli zenye kazi maalumu.

4.0 Kilichoungwa ni kipi?

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile inayoeleza ufundi. Kivumishi cha Kiingereza kinachotangulia jina hili hukaa mbele ya neno "protini" kana kwamba kinaivumisha. Ukweli ni kwamba protini yenyewe haikuungwa na kitu. Kilichoungwa ni DNA. Ili kulielewa hilo hatuna budi kufuata hatua za utengenezaji.

Ufundi huu ulianza na kazi za Cohen na Boyer na wenzao mwaka 1973, walipounganisha vipande vya DNA vya asili tofauti na kuviingiza katika bakteria vikazaliana humo. Kwa protini yetu, mtafiti huchukua nakala ya kinasaba cha binadamu chenye maagizo ya kuitengeneza. Kinasaba hicho kimo katika kromosomu ya 10. Hukiunga katika plasmidi, yaani DNA ya bakteria iliyo na umbo la pete, kisha huirudisha plasmidi hiyo ndani ya bakteria, aghalabu Escherichia coli. Bakteria husoma maagizo ya binadamu kama yanavyosoma ya kwao, na kutengeneza mnyororo wa asidi amino uliokusudiwa. Katika mwili wa binadamu mnyororo huo huanza ukiwa na asidi amino 201, na 18 za mwanzo, ambazo kazi yake ni kuuelekeza mnyororo kwenye njia ya kutokea nje ya seli, hukatwa baadaye. Mtafiti anayetumia bakteria huziacha hizo 18 tangu mwanzo. Badala yake mara nyingi huongeza kijimkia cha histidini sita, ambazo hushikana na nikeli, ili aweze kuivua protini yake kutoka katika mchanganyiko wa maelfu ya protini za bakteria.

Tatizo ni kwamba bakteria hawajui kuikunja. Protini hii ina visteini sita zinazopaswa kuunganika mbilimbili kwa vifungo vitatu vya salfa, na ndani ya bakteria vifungo hivyo havifungiki ipasavyo. Matokeo yake minyororo hugandamana kuwa madonge yasiyo na kazi. Madonge hayo huyeyushwa kwa urea au kemikali nyingine ya namna hiyo, kisha protini hukunjwa upya polepole, mara nyingi retinoli ikiwapo ili pipa lijijenge kuizunguka. Wapo watengenezaji wanaoepuka adha hiyo kwa kutumia seli za binadamu zinazooteshwa katika maabara, kama zile ziitwazo HEK 293, ambazo huikunja na kuitoa nje ikiwa kamili. Gharama huwa kubwa zaidi. Protini iliyokunjwa vibaya ina mfuatano uleule wa asidi amino na uzito uleule, ila haishiki retinoli. Ndiyo sababu mtafiti makini hatosheki na jina. Huitia retinoli na kuiangaza kwa mwanga wa urujuanimno, kwa kuwa retinoli iliyoshikwa vizuri hung'aa zaidi kuliko iliyo huru.

Sasa turudi kwenye sarufi. Tafsiri inayojitokeza haraka ni hii:

(2) protini ya binadamu iliyounganishwa upya

Sentensi hii ina makosa mawili. La kwanza ni neno upya. Kwa Kiswahili, kinachounganishwa upya kilikuwa kimeungana hapo kwanza, kikatengana, kikarudishwa. Kinasaba cha binadamu na plasmidi ya bakteria havikupata kuungana kabla ya siku ile maabarani. Kiambishi cha Kilatini kilichomo katika neno la Kiingereza kimebeba historia yake ndani ya elimu ya urithi. Hatuna haja ya kuihamisha historia hiyo neno kwa neno. Kitenzi unga kinatosha, na kwa hakika kinafaa kuliko unganisha. Mganga wa jadi huunga mfupa, fundi huunga kamba, na katika kila hali sehemu mbili huwa kitu kimoja kinachofanya kazi kwa pamoja.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kiambishi i- katika iliyounganishwa kinaashiria protini, na msomaji ataelewa kwamba protini mbili zilishonwa pamoja. Jambo hilo huwezekana kimaabara, lakini ni kitu kingine kabisa. Mtu anaweza kujaribu kusahihisha hivi:

(3) protini ya binadamu itokanayo na jeni iliyoungwa

Maana sasa ni sahihi katika akili ya mwandishi, ila si lazima iwe hivyo kwa msomaji. Protini na jeni zote ni maneno ya mkopo, na maneno ya mkopo ya aina hii huingia katika ngeli ya I-/ZI- karibu yote. Kwa hiyo iliyoungwa inapatana na jeni na vilevile inapatana na protini. Upatanisho, ambao ndio chombo chetu kikuu cha kuonyesha nini kinavumisha nini, umekufa ganzi. Linganisha na (4):

(4) protini ya binadamu itokanayo na kinasaba kilichoungwa

Hapa hakuna utata. Ki- hakiwezi kuirudia protini. Kilichoungwa ni kinasaba, na kilichotokana nacho ni protini. Sentensi imeeleza ufundi wote kwa viambishi viwili.

Kwa hiyo tunapopendekeza kinasaba badala ya jeni katika muktadha huu, hatufanyi hivyo kwa kuchukia neno la kigeni. Nasaba yenyewe ina asili ya Kiarabu, na vinasaba limezoeleka vya kutosha katika magazeti yetu tangu vipimo vya ukoo vilipoanza kujadiliwa hadharani. Sababu yetu ni ya kisarufi. Makala ya sayansi yenye molekuli, protini, jeni, seli, plasmidi, bakteria na vitamini, zote katika ngeli moja, ni kama barua ambayo kila mtu anaitwa "yeye". Kuchanganya ngeli kwa hekima ni njia ya kuleta uwazi, na sioni kwamba vitabu vyetu vya kanuni za istilahi vimelipa jambo hili nafasi linayostahili.

Kanuni hiyohiyo inatubana upande wa pili. Tukiliacha neno protini na kutumia kishikaretinoli peke yake kama kichwa cha kirai, tutapata "kishikaretinoli kitokanacho na kinasaba kilichoungwa", na utata utarudi kwa mlango wa nyuma, safari hii katika ngeli ya KI-/VI-. Kwa hiyo protini lazima ibaki mbele na kishikaretinoli iifuate kama nomino ya kuainisha, kwa muundo wa askari kanzu, ambao upatanisho wake hufuata nomino ya kwanza.

5.0 "Ya binadamu"

Suala hili tutalipitia kwa ufupi. A-unganifu wa Kiswahili una maana nyingi: maziwa ya ng'ombe hutoka kwa ng'ombe, dawa ya watoto hupewa watoto, na dawa ya mende huua mende. "Protini ya binadamu" kwa hiyo inaweza kusomwa kuwa imetolewa katika mwili wa mtu, au imekusudiwa kupewa mtu. Protini ya kichupani haina sifa yoyote kati ya hizo mbili. Haijapata kuwa ndani ya mtu yeyote. Kilicho cha binadamu ni mfuatano wa asidi amino zake tu. Kuna waliojaribu "ya kibinadamu", lakini huko ndiko kupotea kabisa, kwani kirai hicho kinahusu huruma na utu. Tunapendekeza "yenye mfuatano wa binadamu". Kirai hiki ni kirefu kidogo, na ni cha kweli.

6.0 Retinoli, vitamini A na tarakimu 4

Vitamini A si kitu kimoja bali ni jina la kundi. Ndani yake mna retinoli, retinali na asidi ya retinoi, na mboga na matunda ya rangi ya manjano na ya kijani yana karotini ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini hii. Protini tunayoijadili hushika retinoli hasa. Kuiita "kishikavitamini A" si kosa kubwa katika bango la kliniki, lakini katika maandishi ya kitaaluma ni kulegeza maana.

Utohozi nao unahitaji uangalifu. Baadhi ya wanafunzi husema "retino", wakiangusha konsonanti ya mwisho kwa kufuata mazoea ya silabi wazi. Tofauti kati ya retinoli, ambayo ni alkoholi, na retinali, ambayo ni aldehidi, imo katika irabu moja na inahitaji silabi ya mwisho ili ijulikane kuwa ni kiishio cha kikemia. Tukiikata silabi hiyo, tutabaki na "retino" na "retina", na hilo la pili ni sehemu ya jicho. Kwa hiyo li ya mwisho isiachwe.

Ama tarakimu 4, hiyo ni namba ya orodha tu. Namba 1 na 2 ni protini za ndani ya seli ambazo kwa ukoo ni jamaa za protini zinazoshika asidi za mafuta. Namba 3 ni kubwa mno na hukaa katika jicho. Namba 4 ndiyo ya damu. Namba hazielezi ukubwa wala cheo, na hazina budi kuandikwa daima, hasa tangu Yang na wenzake walipochapisha mwaka 2005, katika jarida la Nature, matokeo yanayohusisha namba 4 na hali ya mwili kutoitikia insulini. Tangu hapo watafiti wa kisukari nao wamekuwa watumiaji wa kichupa hiki, na si wote waliotoka katika elimu ya lishe.

7.0 Iliyo na retinoli na isiyo nayo

Katika Kiingereza protini isiyo na kitu chake na ile iliyonacho hutofautishwa kwa viambishi viwili vya Kigiriki. Tumeona mapendekezo ya kutumia tupu na yenye shehena. Shehena ni ya jahazi. Molekuli moja ndani ya pipa haistahili neno hilo. Kiswahili kina njia iliyo wazi zaidi: protini yenye retinoli na protini isiyo na retinoli.

Tofauti hii si ya maneno tu. Protini isiyo na retinoli huambatana kwa udhaifu na transthairetini, hivyo figo huichuja upesi. Tena mwili unapopungukiwa na vitamini A, ini huizuia protini hiyo isitoke, nayo hulimbikizana humo ikingoja. Mtu akipewa vitamini A, hutoka kwa wingi katika muda wa saa chache. Kwa sababu hizo mbili, sehemu kubwa ya protini inayokutwa katika damu huwa na retinoli, molekuli moja kwa moja, na ndiyo maana kiasi cha protini huweza kutumika kukadiria kiasi cha retinoli. Kupima protini ni rahisi kuliko kupima retinoli, ambayo huharibiwa na mwanga na joto na huhitaji mitambo ya gharama. Tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi linaweza kutosha. Protini ya kichupani huingia hapa kama kipimo cha kulinganishia: viwango vyake vinavyojulikana huwekwa sambamba na damu ya mtoto, na kingamwili hutumika kuzitambua zote mbili.

Makadirio hayo husomwa kwa kuzingatia mpaka uliozoeleka wa retinoli, yaani mikromoli 0.70 kwa lita. Chini ya hapo mtoto huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Lakini kiwango cha protini hii hushuka pia mwili unapopambana na maambukizo, malaria ikiwa mojawapo, hata kama ghala la ini halijapungua. Muuguzi anayemwambia mama kwamba "vitamini A ya mtoto iko chini" huenda amesema kweli, na huenda amesema tu kwamba mtoto alikuwa na homa siku alipotolewa damu. Ili alieleze hilo, anahitaji maneno mawili tofauti kwa vitu viwili tofauti: retinoli, na kinachoishika. Akiwa na neno moja tu, "vitamini", hawezi kuyatenganisha hata akitaka.

Kwa msingi wa yote yaliyotangulia, maandishi ya kichupa kile tungeyaandika hivi:

(5) Protini kishikaretinoli 4, yenye mfuatano wa binadamu, itokanayo na kinasaba kilichoungwa katika Escherichia coli. Isiyo na retinoli. Kwa utafiti wa maabara tu. Isitumiwe kumtibu mtu wala mnyama.

Neno tu limewekwa baada ya maabara kwa makusudi. Likiwekwa baada ya utafiti, onyo litakataza matumizi yasiyo ya utafiti lakini litaacha mlango wazi kwa utafiti unaofanywa juu ya watu wenyewe, na protini iliyotengenezwa na bakteria bila kusafishwa kwa kiwango cha dawa haipaswi kuingizwa katika mwili wa mtu kwa jina la utafiti wala kwa jina jingine.